Mruko wa Alhamisi

Kamera haina makuu. Inataka pahali pasipotikisika, umeme usiokatika na watu wasioisogelea. Ukipata hayo matatu, kazi imefika nusu. Nusu iliyobaki ni subira, na mimi subira nilikuwa nayo tele, maana sikuwa nikitumia ya kwangu. Nilikuwa nikitumia ya Mama.

Nina diploma ya upigaji picha, na kwa miaka kumi na minne nimeishi kwa picha za pasipoti, za mahafali na za watoto wachanga wanaolia. Kwa hiyo kampuni ya ujenzi iliponipigia simu kuhusu jengo la ghorofa kumi na mbili, sikujivuta. Walitaka video ya kukimbiza, ile unayoona jengo likiota kutoka shimoni hadi paani huku mawingu yakipita mbio kama yamefukuzwa. Miezi kumi na mitano ya ujenzi, dakika kumi na saba za video. Ingezunguka mchana kutwa kwenye skrini kubwa ya ukumbi wa mapokezi, ili mgeni anayesubiri aone jengo alilomo lilivyotoka ardhini.

Msimamizi wa mradi tulimwita Mhandisi. Mtu msafi, shati halina mkunjo hata penye vumbi, na neno lake kubwa lilikuwa "nyoosha". Ukuta unyooshwe, foleni ya malori inyooshwe, ripoti inyooshwe.

"Dada," aliniambia siku ya kwanza, "sitaki madoido. Nataka kitu kilichonyooka. Kisirukeruke."

"Hakitaruka," nikamjibu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Picha moja kila dakika kumi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Hizo ni picha sitini na saba kwa siku. Video inakula picha ishirini na tano kila sekunde, kwa hiyo siku nzima ya watu kubeba zege haifikishi sekunde tatu. Kilicho kigumu ni mahali pa kuiweka kamera. Ikisogea hata kwa upana wa unywele, kwenye video jengo zima linaruka. Sisi tunaita mruko. Mtazamaji hajui kilichotokea, lakini jicho lake linajua kuna kitu kimegongwa.

Nilizunguka mtaa ule siku tatu na daftari mkononi. Nguzo ya taa: inayumba kwa upepo. Paa la ghala: lina pampu ya maji, ikiwaka paa lote linatetemeka kama mwenye homa. Duka la mkabala: mwenyewe ana watoto wanne na mpira mmoja. Siku ya tatu nimesimama kando ya barabara, miguu inauma, nikasikia mtu ananiita kutoka juu. Ni Mama, kwenye dirisha lake la ghorofa ya pili, ananipungia mkono. Nikampungia. Kisha nikafumba jicho moja nikapima.

Palikuwa sawasawa kabisa.

Mama alikuwa akiishi peke yake katika chumba kimoja na jiko. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake, ngazi alizishuka kwa nadra, na mtaa wote alikuwa ameuhamishia dirishani. Walimwita Redio. Dirisha lilikuwa na vioo viwili vinavyofunguka kama milango, na kila siku saa mbili asubuhi alifungua kioo cha kushoto, akatoa kichwa chenye kitambaa chekundu, akaanza matangazo.

Chini yake kabisa alikaa fundi viatu tuliyemwita Soli.

"Redio!" Soli angepiga kelele. "Mbona kimya leo, betri zimekwisha?"

"Zimekwisha za kichwani mwako! Subiri nimeze chai. Nina habari ya yule aliyevaa shati la jana."

Na mwenye shati la jana, aliyekuwa anapita, angecheka huku akiongeza mwendo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Mama aliamka na homa, dirisha halikufunguka. Ilipofika saa tatu Soli alipanda ngazi na kiatu cha mteja mkononi, akagonga mpaka akafunguliwa. Ndiye aliyenipigia simu. Hilo nalitaja sasa kwa sababu wakati ule sikuliweka kwenye hesabu.

Jioni ile nilimweleza Mama. Sikumuuliza kama binti anavyomuuliza mama. Nilimuuliza kama unavyomuuliza mwenye jengo.

"Mwanangu," akasema, "unataka dirisha au unataka nihame?"

"Kioo cha kulia tu, Mama. Kamera itakaa nyuma yake. Kile cha kushoto ni chako, ila usikifungue mchana."

"Na usiku nimchungulie nani, mwizi?"

"Ni miezi kumi na mitano tu."

"Tu," akasema, akaliangalia hilo neno kama sarafu isiyotumika tena. "Haya. Kazi ni kazi. Usije ukasema mama yako alikuzibia."

Nilikuja na drili. Nikafunga mkono wa chuma kwenye fremu ya dirisha, mguu wake mmoja ukakaa juu ya meza ndogo ya Mama, nikaukaza hapo. Nikazungushia lenzi kitambaa cheusi ili kioo kisirudishe mwanga wa chumbani. Soketi ya umeme ilikuwa moja tu upande ule, ile aliyozoea kuchajia simu kando ya kitanda; nikaichukua iwe ya kamera, simu ikahamia jikoni. Kiti chake nikakisogeza ukutani. Kila Jumamosi ningekuja kubadilisha kadi na kufuta kioo. Mama alikaa kitandani akinitazama nikichomeka nyaya, na kamera ilipopiga picha ya kwanza akashtuka.

"Ka," akaiga. "Ndivyo itakavyokuwa inasema?"

"Kila dakika kumi."

"Maneno yake machache. Haitaniweza."

Mwezi wa kwanza ulipoisha nilimwonyesha sekunde zake sabini kwenye kompyuta. Shimo lilichimbika lenyewe, nondo zikaota kama majani, vivuli vikafagia barabara. Nilijivuna. Mama alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta.

"Watu wako wapi?"

"Wamo. Ila wanaopita hawaonekani vizuri, wanakuwa kama nzi. Kinachoonekana ni kile kinachokaa."

"Soli anakaa. Simwoni."

"Yuko chini ya fremu ya picha, Mama. Nimemkata."

Akauliza tu kama nitakunywa chai.

Na kioo cha kushoto alikifungua, bila shaka. Si mchana kutwa, alijibana. Mara mbili, tatu kwa siku, anatoa kichwa, anasalimia, anarudi. Mara nyingine kamera ilimkuta. Kwenye kona ya kushoto ya picha kinatokea kitu chekundu, kwenye inayofuata hakipo. Picha yenye kitu kisichotakiwa tunaiita picha chafu. Kila Jumamosi nilikuwa nazifuta. Lakini sikuziona zote, na mwezi wa sita, kwenye kikao ofisini kwa Mhandisi, video ikapita ukutani mbele ya watu wanane.

"Simamisha," Mhandisi akasema. "Hiki nini hapa pembeni kinachodonoadonoa? Kuku?"

Watu wakacheka. Mmoja akalia kama jogoo. Nilikuwa na nafasi ya kusema huyo ni mama yangu, hilo ni dirisha lake, na sisi ndio tumemwingilia. Nafasi hiyo ilikuwa ndefu ya kutosha.

"Uchafu kwenye kioo," nikasema. "Nitautoa."

"Nyoosha, dada."

Siku iyo hiyo nilikwenda na bisibisi na skrubu nne ndefu. Wala sikwenda na maneno mengi.

"Mama, tumekubaliana usifungue mchana."

"Nachungulia tu."

"Ukichungulia unaharibu."

"Basi mimi ndio uharibifu," akasema, bila kununa, kama anayejaza fomu.

Niliingiza skrubu kwenye fremu ya kioo cha kushoto, juu mbili, chini mbili. Mama ndiye aliyenishikia. Alizikalisha kwenye kiganja akawa ananipa moja moja kama anayemlisha mtoto dawa.

"Hivi jeneza hutiwa skrubu ngapi?"

"Mama!"

"Nauliza tu, nijue zimebaki ngapi."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Siku za mwanzo Soli aliita kutoka chini. "Redio! Umehama masafa?" Mama angegonga kioo kwa kidole, lakini malori yalikuwa yanapita, zege linakorogwa, nani asikie kidole cha bibi? Baada ya wiki mbili, tatu, Soli akaacha. Mtaa huzoea. Dirisha lililofungwa halina jambo geni. Ni dirisha lililofungwa.

Mama naye akazoea, au ndivyo nilivyojiambia. Akaanza kupima siku yake kwa kamera. Chai ilichemka kwa ka moja, viazi kwa ka tatu. Nikimpigia simu jioni aliniambia, "Leo imesema mara sitini na saba. Mimi nimesema mara mbili." Nilidhani ni mzaha. Ulikuwa mzaha, ila pia ilikuwa hesabu.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, nikiwa nafuta kioo, aliniomba kitu. Mama hakuwa mtu wa kuomba. Alilizungukazunguka ombi lake, akasifia viatu vyangu, akauliza kuhusu mjukuu, ndipo akafika.

"Jumapili hii mashine si huwa imelala?"

"Imelala."

"Basi Jumapili unifungulie. Siku moja tu. Jumatatu uje ukaze misumari yako."

"Ni skrubu, Mama. Na kila nikizitoa na kuzirudisha fremu itatikisika, kamera itasogea. Imebaki miezi minne."

"Miezi minne yako au yangu?"

"Mama, usinianze."

"Sijakuanza. Ningekuanza ungejua."

Niliondoka nimekasirika, na kilichonikasirisha ni kwamba alikuwa na haki. Ningeweza kufunga mkono wa kamera upya. Ingekuwa kazi ya nusu saa kila Jumapili jioni. Sikutaka kuipoteza nusu saa.

Alhamisi jioni nilimpigia, hakupokea. Simu ilikuwa jikoni, na mara nyingi hakuisikia. Ijumaa nikapiga tena, nayo ikalia hadi ikakata. Nikamwambia binti yangu, "Bibi yako amenuna." Binti yangu, ambaye yuko sekondari na huamini neno langu pale tu linapomfaa, akasema, "Bibi hajui kununa zaidi ya saa moja." Nikamwambia aoshe vyombo.

Jumamosi saa tatu kamili asubuhi nilifungua mlango kwa ufunguo wangu. Mama alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza, kalalia ubavu, mkono wa kushoto umeshika mguu wa meza. Macho yako wazi. Mdomo umekwenda upande mmoja, midomo imekauka na kupasuka. Chumba kilinuka. Aliniona. Nilipopiga magoti karibu yake, kamera juu yetu ikasema: ka.

Nikapiga kelele ngazini. Aliyefika wa kwanza ni Soli, na nyuma yake vijana wawili wa duka la mkabala. Wakatoa mlango wa jikoni kwenye bawaba ili wambebee juu yake. Kulikuwa na dakika moja hivi ya kusubiri, wao wanahangaika na mlango, mimi sina cha kushika. Nikasimama. Nikaenda kwenye kamera. Nikafungua kifuniko, nikatoa kadi ya wiki, nikaweka kadi tupu, nikafunga.

Sikuamua kufanya hivyo. Ilikuwa Jumamosi, na hicho ndicho mikono yangu hufanya Jumamosi. Lakini nilipogeuka Soli alikuwa mlangoni akinitazama, na kadi ilikuwa bado kati ya vidole vyangu.

Tulimshusha Mama hadi barabarani.

"Zamani asipofungua hadi saa tatu, napanda," Soli alisema, akifuta jasho kwa mkono wa shati. Hakuwa ananilaumu. Afadhali angenilaumu. "Sasa limefungwa. Ningejuaje?"

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi. Akaniuliza kilimpata lini, maana saa za mwanzo ndizo zenye maana. Nikasema sijui. Wakati huo ilikuwa kweli.

Mama hakufa. Watu wakisikia hivyo wanamshukuru Mungu, nami naitikia. Nilimhamishia kwangu. Upande wa kulia haukurudi, na maneno hayakurudi. Redio ilizimika ikaacha mlio mmoja tu. Tunampa chai, anasema "ka". Anataka kugeuzwa, "ka". Binti yangu anajua ka ya maji na ka ya choo. Mimi bado nakosea. Daktari alisema mgonjwa hushika neno lolote lililokuwa karibu. Nilimwambia nimeelewa.

Na kamera? Kamera iliendelea. Chumba cha Mama kilikuwa kitupu sasa, hakuna mtu wa kuisogelea. Kwa kazi yangu, miezi minne ile ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote.

Jengo likaisha. Nikakaa siku tatu nyumbani nikiunganisha picha zote, nikaziweka kwenye kompyuta ya sebuleni, Mama kwenye kiti chake kando yangu kwa sababu hapo ndipo penye mwanga. Binti yangu alisimama nyuma yetu anakula andazi. Tukatazama. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tano. Inatiririka kama maji. Ghorofa ya tisa jengo likaruka.

"Hapo pamegongwa," binti yangu akasema. Amekulia kwenye kazi hii. Jicho lake ni kali kuliko langu. "Nani aligonga kamera?"

"Upepo."

"Upepo ndani ya nyumba, Mama?"

"Nenda kaoshe mikono."

Hakwenda. Alimtazama bibi yake, akanitazama mimi, akaacha kutafuna.

Nilifungua picha zenyewe. Kila picha ina tarehe na saa yake. Hiyo nayo ni kazi nzuri ya kamera. Picha ya Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi: jengo limesimama wima. Picha ya saa nne na nusu: jengo limesogea kushoto kwa upana wa kidole, na likabaki hivyo hadi mwisho. Katikati ya picha hizo mbili Mama alishika meza.

Sasa nilijua jibu la daktari. Nikahesabu, maana hesabu ndiyo najua. Kutoka saa nne na nusu ya Alhamisi hadi nilipofungua mlango Jumamosi saa tatu, kamera ilipiga picha mia moja ishirini na sita. Na ninajua alizihesabu, kwa sababu alikuwa amezoea kuzihesabu, na usiku ilipokaa kimya alijua tu kwamba ni usiku. Kwenye video, picha mia moja ishirini na sita ni sekunde tano. Unaweza kukohoa ikapita.

Video ilikuwa bado inakwenda. Mama alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta kama siku ile ya mwezi wa kwanza. Akainua mkono wa kushoto, akaweka kidole kwenye kona, pale kilipokuwa kinatokea kitambaa chake kabla sijakifuta. Mdomo ukahangaika.

"Wa," akasema. "Wa. Tu."

Binti yangu akapiga makofi. "Bibi kasema! Mama, kasema 'watu'!"

"Nimesikia," nikasema.

Nilimpelekea Mhandisi video na mruko wake. Nilikuwa nimepanga cha kumwambia; njia nzima nilikipanga kama nilivyokuwa napanga kazi, sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ningesema: hapo pasiguswe, hapo ni mama yangu. Alitazama dakika zote kumi na saba bila kupepesa, na ghorofa ya tisa akainua kidole.

"Hapo."

"Nimepaona."

"Si ulisema haitaruka?"

"Mhandisi, hapo—"

"Dada, sina ubaya. Kazi nzuri sana hii. Nyoosha hapo tu, tumalize. Kwa mtu kama wewe ni kazi ya dakika."

Alikuwa anatabasamu, na simu yake ilikuwa inalia, na mlangoni kulikuwa na mtu mwenye karatasi za kutia sahihi. Nikaisikia sauti yangu ikisema, "Sawa."

Msitegemee nitasema nilikataa baadaye. Nilirudi nyumbani nikanyoosha. Unachukua kila picha iliyofuata baada ya Alhamisi ile, unazisogeza zote kulia kwa upana wa kidole, unakata ukingo uliobaki mtupu. Alikosea kidogo; ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Nilipomaliza niliirudia mara nne nikitafuta mahali penyewe. Sikupaona tena. Mama alikuwa amelala.

Siku ya ufunguzi nilisimama nyuma ya ukumbi na wapiga picha wengine. Mgeni rasmi alikata utepe, skrini ikawaka, jengo likaota kutoka ardhini bila kutetereka. Ghorofa ya nane, ya tisa, ya kumi. Watu wakapiga makofi. Mhandisi akanitafuta kwa macho, akaninyooshea kidole gumba.

Jumatatu yake nilikwenda kung'oa kamera. Chumba kilikuwa kinanuka vumbi. Nilikata umeme, nikafungua mkono wa chuma, nikakunja kitambaa cheusi. Kitambaa chekundu cha Mama kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikajifunga kichwani, vumbi lisiniingie kwenye nywele. Kisha nikatoa skrubu za kioo cha kushoto, moja baada ya nyingine. Hapakuwa na wa kunishikia, nikaziweka mdomoni.

Kioo kilikuwa kimeganda. Nikakisukuma kwa bega, kikafunguka kwa kishindo, mwanga ukaingia kidogo tu, maana ng'ambo sasa palikuwa na ghorofa kumi na mbili. Nikatoa kichwa nje kuangalia kama bawaba zimeharibika.

"Redio!"

Soli alikuwa amesimama, kiatu mkononi, uso juu, meno yote nje. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi hivyo barabarani.

"Redio! Umerudi hewani! Ee bwana, njooni mwone!"

Wapita njia wawili wakainua vichwa. Nikatema skrubu kwenye kiganja.

"Ni mimi, Soli."

Aliweka kiganja juu ya macho, akanikazia. Nikaona uso wake ukijifunga taratibu.

"Aa," akasema. "Ni wewe wa kamera."

"Ni mimi."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Akatikisa kichwa, akakaa kwenye kigoda chake, akakiinamia kiatu. Nilibaki pale na kichwa nje na skrubu nne mkononi, nikingoja aseme jambo lingine, lolote, hata tusi. Alichukua nyundo yake akaanza kupigilia soli, na hakuinua kichwa tena.